Kwa nini kalcha ya mkojo inachukua siku tatu, na kwa nini tunakuuliza kama umeshameza dawa

Wiki ya kuelimishana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni tarehe 18 mpaka 24 Novemba kila mwaka, na kwa sisi tunaofanya kazi maabara hapa Tanga ndo wakati wa kujibu yale mnayotuuliza dirishani. Malalamiko yanayoongoza ni mawili. La kwanza, mtu kaleta mkojo Jumatatu anaambiwa aje Alhamisi. La pili, mtu ana dalili zote za UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, mkojo unachoma, homa ipo, lakini kalcha, yani kile kipimo cha kuotesha bakteria waliomo kwenye mkojo, inatoka haijaota kitu, basi anaondoka anasema maabara mbovu. Yote mawili yanatokana na kitu kimoja, bakteria hawezi kukua kwa kasi na kujikinga kwa wakati mmoja.

Tuchukue bakteria anayeitwa E. coli, ndo anaongoza kwenye UTI. Akipata chakula kizuri na joto la nyuzi 37 anajigawa kuwa wawili kila dakika 20 hivi. Ili afike kasi hiyo lazima awe na ribosomu nyingi, yani vile vimashine vinavyotengeneza protini ndani ya seli, anakuwa nazo kama elfu 70, wakati yule anayekua polepole ana chini ya elfu 10. Na ribosomu yenyewe ni ghali, ina protini zaidi ya 50 ndani yake, ikianza kutengeneza protini za kuunda mwenzake inatumia kama dakika 6 haifanyi kingine. Kwa hiyo kila alichotia kwenye ribosomu hakipo tena kwa ajili ya kujikinga na joto, asidi, njaa au dawa. Ni kama muuza samaki pale soko la Deep Sea mwenye mtaji mmoja, akinunua samaki wa hela yote hana barafu, akinunua barafu ya hela yote hana cha kuuza.

Chakula kikipungua seli inatengeneza kemikali ndogo inaitwa ppGpp, iligunduliwa 1969 na Michael Cashel na Jonathan Gallant. Hiyo inasimamisha ujenzi wa ribosomu mpya, alafu mtaji unahamia kwenye protini za ulinzi. Bakteria anakuwa mgumu lakini haongezeki.

Na kubadili mwelekeo kunachukua muda. Mfaransa Jacques Monod mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliwapa bakteria sukari mbili pamoja, glukosi na laktosi, wakamaliza glukosi kwanza, wakasimama kuongezeka kwa muda, wakatengeneza vimeng'enya vya kuvunja laktosi, ndo wakaendelea. Kile kipindi cha kusimama ndo kinatuhusu sisi. Bakteria aliyetoka kwenye kibofu chako akiwekwa kwenye sahani yetu ya kuoteshea amekuta chakula kingine kabisa, saa za mwanzo anajipanga upya, hujaona kitu kwa macho. Tunamwacha saa 18 mpaka 24 kwenye nyuzi 35 mpaka 37. Akiota tunamtambua ni nani, alafu tunamwotesha tena kwenye sahani nyingine yenye vidonge vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali, saa 16 mpaka 20 nyingine, tunapima kwa rula duara ambalo hakuota. Jumlisha mwenyewe. Hakuna hela ya kuharakisha hapo, na naomba msiwape watumishi hela, atakayepokea ataadhibiwa na wewe uliyetoa umevunja sheria pia.

Kuhusu sampuli. Mkojo unaotakiwa ni wa katikati, ule wa mwanzo uache uende, kinga unaofuata, kwenye kikopo safi ulichopewa maabara, siyo chupa ya maji wala kopo la dawa ya zamani. Ufike ndani ya saa 2, usipoweza ukae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8. Watu wanatoka Pongwe au Muheza kikopo kiko kwenye mfuko wa suruali juani, na joto la Tanga mnalijua. Hata wakijigawa kila dakika 40 tu, ndani ya saa 2 wamekuwa mara 8, kwa hiyo bakteria elfu 20 kwa mililita wanasomeka laki moja na elfu 60, wakati kwa kawaida tukiona laki moja na zaidi ndo tunahesabu ni maambukizi, unapewa dawa kwa ajili ya joto la bodaboda. Ndo maana sampuli iliyochelewa, isiyo na jina, isiyo na saa ya kukingwa au inayovuja inakataliwa, inaandikwa kwenye rejista na sababu yake, na unaleta nyingine. Ukigomba na mpokeaji haibadiliki.

Sasa dawa. Nimesikia mara nyingi mno "mwili wangu umeshazoea amoksilini". Hapana jamani. Mwili wako hauzoei, anayebadilika ni bakteria. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, zinaua yule anayejenga ukuta wake, yani anayekua. Mwaka 1944 Joseph Bigger, daktari wa Dublin, aliona penisilini inaua karibu bakteria wote lakini wanabaki wachache sana, na watoto wa hao wachache akiwapa penisilini wanakufa kama kawaida. Kumbe hawakuwa sugu, walikuwa wamesimama kukua. Ukiacha dozi siku ya pili kwa sababu umepata nafuu, hao wanaamka. Na kadri wanavyobaki hai ndivyo nafasi ya kupatikana mmoja sugu kweli kweli, mwenye mabadiliko yanayorithiwa, inavyokuwa kubwa. Siku za dozi anapanga daktari, siyo jirani, na duka linalokuuzia antibiotiki ya cheti bila cheti, au isiyo kwenye orodha ya dawa ambazo duka hilo limeruhusiwa kuuza, linaweza kufungiwa na mwenye duka kushtakiwa.

Ndo tunafika kwenye ile kalcha isiyoota. Mtu kameza kapsuli mbili za rangi mbili asubuhi, mchana analeta mkojo. Waliokuwa wanakua wamekufa, waliobaki wamesimama, na dawa yenyewe imo kwenye mkojo inaendelea kuwazuia hata kwenye sahani. Sahani inabaki tupu wakati kibofu bado kina bakteria. Kwa hiyo mama, baba, kijana, lete mkojo kabla ya dozi ya kwanza, hali ikiwa mbaya daktari atakuanzishia dawa mara tu ukishakinga. Kama umeshameza tuambie jina la dawa na saa uliyomeza, hatukufukuzi, tunaiandika kwenye fomu ili daktari akisoma "haijaota" ajue aisomeje.