Je, wajua kwa nini kikundi kilichoacha kucheza huendelea kumiliki ardhi ya mchezo wa mtandaoni?

Vijana wanaokutana kwenye vibanda vya gemu vya Ngamiani, jijini Tanga, wanalijua vizuri jambo hili. Mchezaji mpya anaingia kwenye seva, yaani kompyuta inayouendesha mchezo kwa wachezaji wote, anatafuta mahali pa kujenga penye maji na madini, na anakuta kila sehemu nzuri imekwisha kuwekwa jina la kikundi ambacho wanachama wake hawajaonekana kwa wiki kadhaa. Akiuliza, anaambiwa kwamba hao waliacha zamani. Ikiwa waliacha, ni nini basi kinachowalindia ardhi yao?

Jibu la kwanza limo ndani ya seva yenyewe. Umiliki wa eneo katika mchezo ni rekodi tu: eneo hili ni la kikundi hiki. Mwanachama anapozima simu au kompyuta, kuta, maghala na bendera alizoziacha hubaki palepale, kwa sababu rekodi hiyo haifutiki yenyewe mpaka watengenezaji waiagize programu iifute. Kwa hiyo swali la msingi ni lini seva inaambiwa kwamba mwenyewe hayupo, na kwa kipimo gani.

Jibu la pili ni gharama. Katika michezo mingi, kuteka eneo kunahitaji silaha, watu wengi na saa nyingi za usiku, ilhali kulishikilia hakuhitaji chochote au kunahitaji kidogo sana. Juu ya hapo kuna hofu. Wanachama wa kikundi kikubwa wanaweza kuwa wametawanyika, lakini bado wamo kwenye kundi lao la mazungumzo, na mtu mmoja akiwaita wanaweza kurudi wote jioni hiyohiyo. Majirani wanalijua hilo, na hawathubutu.

Watu wa Tanga wanaielewa hali hii kwa urahisi, kwa kuwa mkoani kwao yapo mashamba ya mkonge yaliyogeuka pori huku hati zikiwa bado mikononi mwa wenye nazo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu Rais kufuta miliki ya mtu aliyeitelekeza ardhi, lakini lazima kwanza watu waende, wakague na watoe notisi. Kwenye mchezo kazi hiyo yote hufanywa na programu, na ndiyo maana ubora wa kanuni iliyoandikwa humo una uzito mkubwa.

Kanuni iliyozoeleka zaidi ni ya kuhesabu siku. Katika ARK, mchezo ambao vikundi vyake huitwa makabila, majengo ya seva rasmi yana muda wa kuishi unaotegemea kilichojengewa: nyasi siku 4, mbao siku 8, mawe siku 12, chuma siku 16. Ukilisogelea jengo, maandishi yanakuonesha jina la kabila na muda uliobaki. Muda ukiisha bila mwanachama yeyote kufika, jengo linaweza kubomolewa. Hapo ndipo penye tatizo. Akifika mwanachama mmoja tu, hesabu inaanza upya. Yaani kabila la watu wengi walioacha kabisa linaweza kuendelea kushika ufukwe mzima, uliojazwa nguzo zisizobeba kitu, kwa sababu kuna mmoja anayeingia dakika chache, anazunguka na kutoka. Saa ya seva imepima kufika kwake, haikupima matumizi.

Final Fantasy XIV hutumia njia hiyohiyo: nyumba isiyoingiwa na mwenyewe kwa siku 45 hubomolewa. Rust ina njia nyingine, ambapo kila ngome ina kabati la kuwekea mbao, mawe au chuma cha matengenezo, na likiishiwa, kuta huanza kuoza.

Waliolifikiria suala hili kwa kina zaidi, kwa maoni yangu, ni CCP, kampuni ya Iceland iliyotoa mchezo wa angani uitwao EVE Online mwaka 2003. Humo miungano ya wachezaji humiliki mifumo ya nyota, na kwa miaka kadhaa umiliki huo ulitegemea kulipa ankara. Januari 2014 malipo ya mfumo uitwao B-R5RB hayakufanyika, umiliki ukaanguka, na maadui wakauvamia. Vita vilidumu kwa saa 21 hivi na meli 75 za daraja kubwa kuliko zote ziliteketea. Muungano uliokosa kulipa haukuwa umelala hata kidogo; ankara ilikuwa imepima kulipa tu.

Mwaka 2015 kampuni ikabadilisha kipimo. Mfumo ambao wanachama wanachimba madini na kupambana na maharamia ukawa mgumu kutekwa, na ule usiotumiwa ukawa rahisi. Mwaka 2020 ikaongeza kwamba kituo kilichokaa siku 7 bila mafuta kihesabiwe kimetelekezwa, na mali iliyomo iweze kumwagika kikivunjwa.

Kupima matumizi ni haki zaidi kuliko kupima kufika, lakini kanuni zote hizi zinamdhania mchezaji kuwa na simu na bando wakati wote. Mwanafunzi wa bweni wa hapa kwetu, ambaye haruhusiwi kuwa na simu shuleni, hukaa muhula mzima bila kuingia. Siku 16 zinampita, na hata 45 zinampita. Watengenezaji wa Final Fantasy XIV wamewahi kusitisha ubomoaji wakati wa janga la korona, kwa hiyo inawezekana kumfikiria asiyekuwepo kwa sababu ya msingi. Kwa vijana wanaoendesha seva yao binafsi ya ARK njia ni fupi zaidi: kwenye mipangilio kuna namba ya kuongeza muda wa majengo, na wanaweza kuirefusha shule zinapofunguliwa na kuirudisha wakati wa likizo.