Kwa nini ndege 15 za Hornet hazikurudi kutoka Midway?

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942, ndege 15 za Marekani aina ya Devastator, zikiongozwa na John Waldron, ziliruka kutoka meli ya Hornet kwenda kuzipiga kwa topido, yaani bomu linalojiendesha majini, meli za Kijapani za kubeba ndege, karibu na kisiwa cha Midway katika Bahari ya Pasifiki. Zote 15 ziliangushwa. Kati ya watu 30 alipona mmoja, rubani George Gay, aliyejificha baharini chini ya mto wa kiti cha ndege mpaka akaokolewa kesho yake.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba ndege zilikuwa kuukuu. Lakini Devastator ilikuwa kazini tangu 1937 tu, na asubuhi hiyohiyo ndege 6 za topido aina ya Avenger, mpya kabisa, za kikosi hichohicho cha Waldron, namba 8, zilishambulia zikitokea Midway kwenyewe. Zikaangushwa 5. Ya sita ilitua kwa gurudumu moja, mwili umejaa matundu. Upya haukuzisaidia kitu.

Balaa lilikuwa limefungwa tumboni: topido aina ya Mark 13. Ikiangushwa kwa kasi au kutoka juu mno, huvunjika au hupotea njia. Kwa hiyo rubani alitakiwa ashuke hadi mita 30 hivi, apunguze mwendo hadi kilomita 185 hivi kwa saa, na asiyumbe. Zero, ndege za kivita za Wajapani, zilipita 500. Ndege za kuwalinda zilishapoteana nao.

Na ikishaingia majini, topido ilikwenda kilomita 62 kwa saa. Soryu, mojawapo ya meli hizo za Kijapani, ilifika 63. Nahodha akigeuza tu meli ikakupa mgongo, unabaki kama anayekimbilia daladala iliyokwisha kuondoka kituoni. Dawa ni kuzunguka ukaivizie mbele, na huko kuzunguka ndiko Zero zilikokutaka.

Husemwa pia kwamba marubani wa topido waliziteremsha Zero ili ndege za mabomu zipite juu salama. Kwa kikosi cha Waldron sidhani: mabomu yaliyoziteketeza meli tatu za Kijapani yalianguka kama saa moja baadaye, na Zero hupanda kwa dakika chache. Lenye uzito zaidi ni kwamba mashambulizi ya mfululizo yaliwashughulisha Wajapani kurusha na kupokea Zero, sitaha zikakosa nafasi ya kupanga ndege za kujibu mapigo.

Baada ya Midway, Devastator iliondolewa vitani. Mark 13 ikabaki, ikafungwa kwenye Avenger, na haikutengemaa vizuri mpaka 1944.