Swali Lisilotaja Ulemavu

Mdodosaji anapiga hodi, anakaribishwa, anafungua dodoso: "Katika kaya hii yupo mtoto mwenye ulemavu?" Mama anajibu hayupo. Pembeni yake binti anasoma daftari alilolisogeza hadi linakaribia kugusa pua. Mama hajadanganya. Kwake ulemavu ni magongo na kiti cha magurudumu. Huyu wake ana macho mabovu kidogo tu. Wapo pia wazazi wanaojua fika, ila wanaona haya kulitamka neno lenyewe mbele ya mgeni.

Sisi tunaofanya utafiti vyuoni wa elimu jumuishi, yaani kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, tumeharibu takwimu nyingi kwa swali hilo. Dawa yake imekuwepo kwa muda. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa uliunda Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu, nalo likatunga maswali sita yasiyotaja ulemavu popote. Yanauliza kama mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hapana, kidogo, kubwa, au hawezi kabisa. Anayejibu "kubwa" au "hawezi kabisa" hata mara moja, anahesabiwa kuwa na ulemavu. Mama yule yule sasa atasema bila kusita: kuona, ndiyo, shida kubwa.

Maswali hayo sita yalilenga hasa watu wazima. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17, kundi hilo pamoja na UNICEF walitoa maswali mengine mwaka 2016, yanayogusa hata kujifunza, kupata marafiki na, kwa wakubwa kidogo, wasiwasi. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240. Lakini maswali haya si vipimo vya daktari, na mwalimu asiyatumie kumbandika mtoto jina la ugonjwa.

Idadi ikishapatikana, kazi inahamia darasani, na hapa ndipo mimi hutofautiana na baadhi ya wenzangu wanaohesabu walioandikishwa kisha wakafunga ripoti. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inadai zaidi ya dawati: inataja nukta nundu (maandishi ya kupapasa ya wasioona), lugha ya alama na marekebisho kulingana na mahitaji ya kila mwanafunzi. Kaa nyuma ya darasa kipindi kimoja tu. Mwalimu anaandika ubaoni huku anaeleza. Mwanafunzi anayesoma midomo amebaki na mgongo wa mwalimu. Mwalimu akimaliza kuandika kwanza, kisha akageuka ndipo aeleze, somo limemfikia yule mtoto, wala hapajanunuliwa kifaa chochote. Mambo ya namna hii hayaonekani katika rejista ya mahudhurio.

Mtafiti akija kwenu, ridhaa ya mzazi peke yake haitoshi. Mtoto naye aelezwe kwa lugha anayoielewa, kiziwi apate mkalimani, na aulizwe mwenyewe, maana jibu lake mara nyingine halifanani na la mzazi. Ana haki ya kukataa, au kuacha katikati ya mahojiano. Nanyi mwulizeni majibu yatahifadhiwa wapi, nani atayasoma, na lini atarudi kuwaeleza alichokikuta.