Chipukizi la mtapo: maana yake na namna ya kulitenga

Mtapo ni mmea wa shina nene na majani marefu kama ya mnazi. Chipukizi ni mtapo mchanga unaoota ubavuni mwa shina la mtapo mkubwa, mara nyingi usawa wa udongo, mara nyingine juu shinani. Halitokani na mbegu. Ni mwili uleule wa mama, hata jinsia. Mitapo ina dume na jike, kila mmoja na koni zake (vibeba chavua au mbegu), hivyo chipukizi la dume huwa dume. Mfano mkali ni Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood alikuta kichaka kimoja tu katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, nacho kilikuwa dume. Jike halijapatikana hadi leo, na miti yote ya aina hiyo iliyo bustanini duniani imetokana na machipukizi ya dume huyo.

Chipukizi la mgomba hung'olewa na mizizi yake. La mtapo mara nyingi halina hata mzizi mmoja, na hapo ndipo wengi huharibu. Subiri lifikie ukubwa wa ngumi, na mama asiwe anatoa majani mapya. Fukua udongo, kata penye shingo nyembamba kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, kisha pakaza unga wa dawa ya ukungu kwenye vidonda vyote viwili. Majani ya chipukizi yakate yote, yasilinyonye maji lisiloweza kuyarudisha. Vaa glavu, mtapo una sumu, na mbegu zake huua mbwa.

Lianike kivulini wiki moja au mbili, kidonda kiwe kigumu. Changanya mchanga mnene sehemu mbili na mboji sehemu moja, ulifukie nusu tu. Mwagilia mara moja, kisha usubiri udongo ukauke. Anayemwagilia kila siku huozesha: ukibonyeza kwa kidole, chini ni laini na hunuka. Likioza hivyo, likate hadi ufikie nyama nyeupe safi, ulianike upya.

Majani yakitoka, usishangilie mapema wala usilivute kupima mizizi. Hayo huweza kuota kwa akiba ya wanga tu. Mizizi huchukua miezi kadhaa, pengine mwaka.

Mtapo wa pwani ya Kenya na Tanzania, Encephalartos hildebrandtii, usiung'oe msituni. Jenasi nzima ya Encephalartos iko Kiambatisho cha I, orodha yenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata chipukizi halivuki mpaka bila kibali. Cycas revoluta ya Japani, inayouzwa vitaluni, huchipua kwa wingi na ndiyo nzuri ya kujifunzia.