Gari limenyooshwa na kupigwa rangi lakini haliwaki: ninavyolitafuta tatizo

Gari likigongwa mbele, likakaa gereji miezi kadhaa likisubiri bima, rejeta na taa, halafu siku ya kuchukuliwa likagoma kuwaka, mwenye gari huambiwa haraka: "Kontroli boksi imekufa, bosi," yaani kompyuta inayoendesha injini. Nawasihi msilikubali neno hilo mpaka fundi awe ameshika mita. Kontroli boksi hufa kweli, lakini kwenye magari ninayoletewa huwa ni kati ya vitu vya mwisho kukutwa vibovu, na ni kati ya vitu vinavyomaliza pesa ya mtu vikinunuliwa kwa kubahatisha.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Kazi ya namna hii naianza kwa maswali, kabla ya spana. Baada ya ajali, gari lilifika gereji likiendeshwa au likivutwa? Kama liliendeshwa, basi ubovu umezaliwa humo humo gereji: kwa kilichofunguliwa, kilichochomewa, kilichopakwa rangi, au kwa kule kukaa. Kama lilivutwa, naongeza ajali yenyewe kwenye orodha. Swali la pili: nini kilifunguliwa? Mnyoosha bodi akiniambia alishusha waya zote za upande wa kulia ili achomelee, tayari najua nitakapoanzia.

Hata hivyo simruhusu mtu kupiga stata kabla sijachomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na injini hiyo haizungushwi kwanza. Gari lililokaa muda mrefu naligeuza kwa mkono, spana kwenye boliti ya puli ya krenki (ile shafti kuu inayozunguka ndani ya injini), kuelekea upande injini inakozunguka. Ikigeuka laini, naendelea. Ikikaza, nafungua plagi, naweka oili kidogo kwenye kila silinda na kuisubiri. Stata haina huruma na pete za pistoni zilizoshika kutu.

Kisha betri. Gari lililozimwa bado linakula umeme: saa, alamu, kumbukumbu za kontroli boksi. Miliampea 50 zinaonekana si kitu, lakini kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 40 inakauka ndani ya takriban mwezi mmoja. Ikikaa tupu miezi mingine, sahani zake zinaganda salfeti na hata ukiichaji usiku kucha haishiki. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Kipimo cha kweli ni wakati wa kupiga stata: ikishuka chini ya 9.6, usitafute kosa kwingine kabla ya kuibadilisha. Na kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine, kwa zile waya nyembamba kumewadanganya wengi. Stata inataka ampea zaidi ya 100, waya zile hazipitishi, gari linatoa mlio wa "ta-ta-ta", na mtu anaambiwa stata imekufa. Mimi naazima betri nzima, naifunga pale pale, ndipo naanza kuamini ninachokisikia.

Sasa niseme kuhusu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi na injini, maana hapa ndipo pesa nyingi za wateja zinapotelea. Mnyoosha bodi anafungua ile waya nyeusi inayotoka betri kwenda kwenye bodi, na nyingine inayotoka bodi kwenda kwenye injini. Anapiga msasa, anaweka puti, anapiga praima na rangi nzuri, kisha anaifunga boliti juu ya rangi. Kwa macho kazi ni safi, lakini rangi haipitishi umeme. Wakati mwingine waya ya injini hairudishwi kabisa, na umeme wa stata unatafuta njia kupitia kebo ya gia au waya ndogo ndogo. Dalili zake zinachanganya: taa zinafifia ukipiga stata, mishale ya dashibodi inacheza, mashine ya kupimia inatoa kodi (namba za makosa) za sensa nyingi zisizohusiana, yaani vile vipimo vinavyoipa kontroli boksi habari.

Usipime ethi kwa omu, kipimo cha ukinzani, ukaridhika. Waya iliyobakiwa na nyuzi mbili inasoma sifuri kwenye mita, lakini ukiidai ampea 100 inashindwa. Weka mita kwenye volti. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe na si kile kibanio chake; nyingine iguse chuma kitupu cha injini, halafu mtu apige stata. Volti 0.2 au chini ni nzuri. Ukiona nusu volti au zaidi, kuna kizuizi njiani. Rudia kati ya betri na bodi. Dawa ni msasa mpaka chuma king'ae, boliti ikazwe, kisha grisi juu yake, hasa kwetu huku pwani ambako hewa ya chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye kila soketi iliyoachwa wazi.

Stata ikizunguka kwa nguvu na gari bado haliwaki, tumebadilisha mtaa. Chukua mfano wa Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, gari lililojaa mitaani kwetu, iliyogongwa kona ya mbele kulia. Sensa ya krenki iko chini upande huo huo, jirani na puli, ikisoma sahani yenye meno 34. Bila habari yake kontroli boksi haijui injini inazunguka, hivyo haitoi moto kwenye koili wala haifungui nozeli za kunyunyiza petroli. Mshale wa mizunguko unalala chini wakati wa stata, na mashine huenda ikaonyesha P0335, kodi ya sensa hiyo. Watu hukimbilia kununua sensa. Mimi naifuata waya kwanza, kwa vidole, kutoka soketi kwenda juu. Mara nyingi imebanwa kati ya vyuma viwili wakati wa kufunga, na ngozi ya waya ni nzima huku shaba imekatika ndani. Panya nao hupenda gari lililopaki, na hutafuna waya. Hao nawatafuta kuanzia kwenye boksi la ea klina, kichujio cha hewa.

Alamu ambazo hazikuja na gari bali zilifungwa baadaye madukani, pamoja na vifaa vya kufuatilia gari, zina tabia yao. Nyingi zina rilei, swichi ya umeme, inayokata stata au pampu ya mafuta, na betri ikifa kisha ikarudi, alamu inaamka ikiwa imejifunga. Rimoti nayo imekaa kwenye droo hadi imekufa. Waulize wenye gari mapema, kwa sababu fundi mgeni anaweza kushinda siku nzima akitafuta waya iliyokatwa makusudi.

Kama eabegi zililipuka, kuna jambo jingine. Toyota nyingi huzima pampu ya mafuta wakati huo, na kuzima swichi kisha kuwasha tena kunairudisha. Land Rover za zamani zina swichi ya mshtuko yenye kitufe ambacho lazima ukibonyeze. BMW nyingi zina kifaa kwenye kebo ya chanya kinachojikata kwa baruti ndogo: taa zinawaka vizuri, stata haina habari, na kifaa hicho hubadilishwa, hakiungwi kienyeji.

Petroli iliyokaa muda mrefu na kunuka vanishi naimwaga. Kuichanganya na mpya ni kupeleka uchafu kwenye nozeli. Ila msiihukumu pampu kwa ukimya wake unapowasha swichi, kwani kwenye Toyota nyingi za kipindi cha IST hiyo inafanya kazi stata inapopigwa tu. Ipimwe presha wakati wa stata. Kwa 1NZ-FE ni kati ya kilopaskali 304 na 343.

Likiwaka, liache liungurume huku ukiangalia joto, kwa kuwa rejeta mpya ikifungwa bila kutolewa hewa inaweza kuua gasketi siku hiyo hiyo. Pima chaji kwenye betri: volti 13.8 hadi 14.5. Na tafadhali, asije fundi akachomoa kibanio cha betri injini ikiwa inawaka ili "kujaribu alternata". Volti inaruka juu ghafla, na hapo ndipo kontroli boksi iliyokuwa nzima hufa kweli.