Je, wajua kwa nini ndizi za mzuka hugeuka nyeusi kabla sherehe haijaanza?

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, shule nyingi za msingi za Marekani huwaacha watoto waje na mavazi ya mizuka, popo na wachawi, na wazazi huombwa walete vitafunio vinavyofanana na siku yenyewe. Kilicho chepesi kuliko vyote ni ndizi: unaimenya, unaikata katikati, unasimamisha kila nusu kwa upande uliokatwa, kisha unabandika vitone viwili vya chokoleti viwe macho na kimoja kiwe mdomo. Saa kumi na mbili asubuhi mzuka ni mweupe pe. Saa nane mchana, darasa linapokaa kula, mzuka ni wa kahawia na jicho moja limeteleza hadi shavuni. Kwenye sahani ya pili, machenza yaliyomenywa na kuchomekwa kijiti cha selari yafanane na maboga yamebaki vilevile.

Ndani ya ndizi mna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi, na mna dopamini, ileile inayotajwa kwenye habari za ubongo. Ndizi ikiwa nzima, viwili hivyo hukaa mbalimbali. Kisu kikipita, kuta za seli huvunjika, vinakutana, oksijeni ya hewani inaingia, na dopamini inageuzwa hatua kwa hatua kuwa rangi ya kahawia. Ndiyo maana hata pale kidole kilipobonyeza husawijika mapema. Chenza lina asidi na vitamini C tele, tena kila kipande kina ngozi yake. Umetoa ganda tu, nyama hujaigusa.

Aliyezoea kupika ndizi mbichi analijua jambo hili kwa mikono yake: ikishamenywa hutumbukizwa majini papo hapo, hewa isiifikie. Ndizi mbivu haiwezi kulowekwa asubuhi kutwa, italainika na utamu utapotea. Dawa yake ni uchachu. Weka kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu kwenye kikombe cha maji, zamisha vipande dakika 2 au 3, kisha vikaushe kwa karatasi ya jikoni. Kukausha ndiko kunakosahaulika, na unyevu unaobaki ndio unaosababisha macho kuteleza. Maji ya nanasi ni bora zaidi kwa watoto kwa sababu hayana ukali wa ndimu. Lakini huku ni kuchelewesha tu: vitamini C huirudisha nyuma rangi inapoanza kutokea, nayo hutumika mpaka ikaisha, kisha weusi unaendelea na safari yake.

Kwa hiyo, usimenye nyumbani kabisa. Chagua ndizi za njano zenye kijani kidogo nchani. Zenye madoadoa zimelainika na hazisimami. Zipeleke na maganda yake, na usizilaze kwenye friji: chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi ganda huwa jeusi, na ingawa nyama ya ndani ni nzima, mtoto ataikataa. Watoto 24 wanatosheka na ndizi 12, ongeza 2 za kuvunjika. Mara nyingi maandamano ya mavazi hutangulia na chakula hufuata. Wakati huo ndio wa kumenya. Kisu cha jikoni kiache nyumbani, kwani shule za huko haziruhusu visu. Cha plastiki chenye meno kinatosha, mradi ukate kwa kuvuta kama msumeno, usikandamize. Kitone cha chokoleti kishindilie kwa ncha yake, kitashika.

Kabla ya yote, muulize mwalimu. Shule nyingi hupokea tu chakula kilichofungwa dukani chenye orodha ya viambato. Sheria ya Marekani inataja vizio vikuu 9 vya chakula, yaani vyakula vinavyoleta mzio, ufuta ukiwa wa mwisho kuingizwa, tangu tarehe 1 Januari 2023. Vitone vingi vya chokoleti vina maziwa au soya, na vingine huandikwa kuwa huenda vimegusana na karanga. Zabibu kavu zinafanya kazi ileile ya macho. Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto mwenye mzio wa mpira asilia, ule wa maputo na baadhi ya vinyago vya Halloween, anaweza kudhurika kwa ndizi yenyewe, kwa kuwa protini zake zinafanana na za mpira. Huyo mwekee boga la chenza kwenye sahani yake peke yake, mbali na mizuka.