Kihariri cha bure si cha kujifunzia tu

Wanaoanza kuandika kodi (code), yaani maagizo ya programu za kompyuta, huambiwa kwamba kihariri cha bure, yaani programu ya kuandikia kodi hiyo, ni cha kujifunzia, na kwamba kazi ya maana inataka cha kulipia. Si kweli. Kodi ni maandishi matupu. Python, lugha ya kuandikia programu, haijui wala haijali kama faili lako lilitoka kwenye kihariri cha bure kama Notepad++, VS Code au Vim.

Chukua Vim, iliyotolewa 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Mpaka leo wasimamizi wa seva wanaitegemea. Ukiifungua bila faili, mara nyingi utakuta ombi la kusaidia watoto maskini Uganda: Moolenaar aliwahi kufanya kazi Kibaale, akawaomba watumiaji wachangie kituo cha watoto cha huko.

Kinachokukwamisha hasa ni Word, ambayo ndiyo ya kulipia! Inapindisha alama za kunukuu yenyewe, na print(“Habari”) Python inaikataa papo hapo. Andika print("Habari"), alama zikiwa zimenyooka, inapita.

Kwa kompyuta dhaifu ya Windows ningeanza na Notepad++. VS Code inakula RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Python yenyewe utaisakinisha kando, maana vihariri hivi haviji nayo.